Hedifoni bei mbaya, amplifaya je? Usiuziwe mbuzi kwenye gunia!

Mjini kuna magonjwa mengi, na moja ambalo halina dawa hospitalini ni ugonjwa wa hedifoni. Unaanza taratibu. Kijana ananunua hedifoni ya maana, si ile ya kituo cha daladala, bali ile ambayo akitaja bei mwenye nyumba anaanza kumwangalia kwa jicho la kodi. Anaivaa, anasikia gitaa la muziki wa dansi linalia kama vile mpigaji kakaa begani kwake. Siku mbili hazijapita, anaibuka mtaalamu wa kijiweni: "Mshikaji, bila amplifaya na konvata ya uhakika hapo umenunua pambo!"

Hapo ndipo pochi inapoanza kuvuja.

Mimi mwenyewe ni mgonjwa wa siku nyingi. Nimezunguka Kariakoo hadi soli zikaisha, nimeazima vyombo vya watu, nimewasumbua mafundi redio hadi wakanipa stuli ya kudumu. Wiki hii nataka tuongee kiutu uzima, maana hela zinazoliwa hapa si za peremende. Ni kodi ya miezi sita, ni ada ya mdogo wako.

Nani anafanya nini?

Muziki uliomo ndani ya simu au kompyuta ni namba tupu. Chukua CD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982: kila sekunde moja, kila upande wa stereo una namba 44,100, na kila namba ni ya biti 16. Sikio halisomi namba, jamani. Kazi ya konvata, ambayo kwenye boksi huandikwa DAC, ni kuzigeuza namba hizo ziwe umeme unaopanda na kushuka kama mawimbi ya sauti. Umeme huo hauna ubavu. Amplifaya ndiyo inayoupa misuli ya kuisukuma hedifoni.

Sasa sikia: simu au kompyuta yenye tundu la hedifoni tayari ina vyote viwili ndani. Mwaka 2016 iPhone 7 ilipotoka bila tundu, na kampuni nyingine zikafuata, vitu hivyo vilihamia kwenye kile kiwaya kifupi cha kuunganishia. Kile cha USB-C cha Apple, kilichouzwa dola 9 kule Marekani, kina konvata na amplifaya kamili ndani ya kichwa kidogo kama punje ya hindi. Kwa hiyo swali si "nina amplifaya au sina?" Swali ni "niliyonayo inatosha?"

Soma boksi kabla ya kufungua pochi

Hedifoni yoyote ya maana ina namba mbili za kutazama. Ya kwanza ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Ya pili ni usikivu, yaani kelele inayotoka ukiipa umeme kiasi fulani, nao hupimwa kwa desibeli. Wengi hutazama ile ya kwanza tu, wakiona 300 wanaanza kutetemeka.

Tupige hesabu. Sennheiser HD 650, iliyotoka mwaka 2003, ina ukinzani wa omu 300. Lakini ukiipa volti 1 tu inatoa desibeli 103, ambazo ni kelele za haja! Ukitaka vilele vya muziki vifike desibeli 110, unahitaji volti 2 na ushee, kama miliwati 17. Hiyo ni kazi ndogo kwa amplifaya ya kawaida kabisa. Hata kile kiwaya cha Apple, kinachotoa kama volti 1, kinaipigisha vizuri nyimbo za siku hizi zilizorekodiwa kwa sauti ya juu, ingawa kwenye simu nyingine zisizo za Apple huwa kinatoa pungufu.

Geukia upande wa pili. HiFiMan Susvara ni bei ya kuuzia kiwanja. Ukinzani wake ni omu 60 tu. Unaweza kudhani ni laini, kumbe usikivu wake ni desibeli 83 kwa miliwati 1. Kila ukitaka kuongeza desibeli 10, nguvu inazidishwa mara 10. Kwa hiyo kufika 110 inakula karibu miliwati 500, mara 30 ya ile ya omu 300! Hapa ndugu yangu amplifaya ya ukweli utanunua, hakuna ujanja.

Umeona? Usikubali muuzaji akutishe kwa omu peke yake. Muulize usikivu. Akianza kuchezesha macho, aga taratibu.

Kanuni ya moja ya nane

Amplifaya nayo ina ukinzani wake kwenye tundu la kutolea sauti. Mafundi wana kanuni nyepesi: usizidi moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Hedifoni ya omu 32 inataka amplifaya isiyozidi omu 4. Ile ya 300 inavumilia hadi 37 hivi.

Ukivuka hapo, sauti inaanza kubadilika sura. Hedifoni nyingi za kawaida hazina ukinzani mmoja. Kwenye besi hupanda. Amplifaya yenye omu nyingi, kama baadhi ya zile za taa za zamani, itasukuma besi zaidi ya ilivyorekodiwa. Wapo wanaoipenda hiyo, wanasema sauti ina "joto". Sawa, ladha haina ugomvi, ila ujue unalipia viungo, si nyama.

Tena usafi wa sauti si lazima ufilisi mtu. Mwaka 2011 mhandisi mmoja aliyejiita NwAvGuy, jina la bandia, alitoa bure michoro na vipimo vya amplifaya yake iitwayo O2, kuonyesha kwamba amplifaya safi haihitaji maelfu ya dola. Watu wakaijenga mezani kwao kwa vifaa vya kawaida. Wauzaji wa maboksi ya gharama hawakufurahi hata kidogo.

Konvata ndiyo inayotudanganya zaidi

Hapa wengi mtanichukia. Konvata ya kisasa isiyo na hitilafu, hata ya bei ndogo, ni vigumu mno kuitofautisha na ya bei ya gari. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio lao Marekani. Walipiga rekodi za ubora wa juu kuliko CD, kisha wakazipitisha kwenye mtambo wa kuzishusha hadi kiwango cha CD, wasikilizaji wakitakiwa kutaja ipi ni ipi bila kuona. Katika majaribio 554, walipatia 276. Yaani nusu! Ungerusha sarafu hewani ungepata hivyo hivyo.

Mimi nililirudia jaribio la aina hiyo nyumbani kwa swahiba wangu mmoja Sinza. Jamaa alikuwa amepokea zamu yake ya upatu na alishaapa kwamba zote zinakwenda kwenye konvata moja aliyoazimwa aijaribu. Tukaiweka pamoja na ndogo ya bei ya chakula cha wiki, hedifoni ile ile, amplifaya ile ile. Kwa kipimo cha umeme cha fundi tukasawazisha sauti kwa mlio wa hezi 50, kwa sababu kinachopiga juu kidogo tu sikio hudhani ndicho bora. Nikamfunga kitambaa machoni.

Raundi 12, akapatia 7. Jasho likamtoka. Nikabadilisha hedifoni badala ya konvata: akapatia zote 12, tena anajibu kabla hata mwimbaji hajafungua mdomo. Alivua kitambaa akakaa kimya, halafu akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nasikia boksi kwa macho?" Konvata ilirudi kwa mwenyewe siku ile ile. Hela ya upatu ikabaki kwenye bahasha.

Sisemi konvata ya nje haina kazi. Kama tundu la kompyuta yako linavuma au linakwaruza, konvata ndogo ya USB inaweza kuwa tiba. Ila kwanza chomoa chaja ya kompyuta usikilize. Kama mvumo unaondoka, tatizo liko kwenye umeme, wala si kwenye namba.

Umeme wetu si wa Japani

Jambo hili limewaliza watu wengi. Amplifaya za mtumba kutoka Japani ni nzuri na bei yake inavutia, lakini kule umeme wa nyumbani ni volti 100. Marekani ni 120. Kwetu ni 230. Ukiichomeka hivi hivi, muziki wa kwanza utakaosikia ni "pwaa!" na harufu ya transfoma inayoungua. Geuza mgongo wa chombo, soma maandishi. Hakuna 220 au 230? Bei ya transfoma ya kushusha umeme iongeze kwenye hesabu kabla ya kusema "nimepata dili".

Linda mtaji wako

Mtaji wenyewe ni masikio. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, saa 4 tu. Amplifaya kubwa kwenye hedifoni laini inavuka hapo kwa kuguswa kidogo. Kwa hiyo punguza sauti hadi chini kabla ya kuvaa, halafu panda polepole. Hakuna duka Kariakoo wala Dubai linalouza sikio jipya.

Kwa kifupi, mpangilio wa mshiko ni huu: hedifoni kwanza, na ichukue sehemu kubwa. Halafu sikiliza kwa ulichonacho. Kama ukifungua hadi mwisho bado sauti ni ndogo, nunua amplifaya inayotosha kwa hesabu ya boksi, si kwa hesabu ya kijiwe. Konvata iwe ya mwisho. Na kabla hujalipa, omba kuijaribu ukiwa umefumba macho. Muuzaji anayejiamini atakukubalia. Asiyejiamini atakuambia hedifoni yako "bado haijazoea".

Wewe mwambie umezoea wewe.