Safari Rally: Kutoka Barabara za Wananchi hadi Mashamba ya Naivasha

Safari Rally inapokaribia, vijana wa Kisii na Nyamira, kaunti zetu mbili za Gusii, huanza kuchanga nauli ya kwenda Naivasha. Wanaobaki nyumbani hufuatilia kwenye runinga na simu. Swali linalozuka vijiweni ni lile lile: mbona mashindano makubwa hivi hayaji kwetu, ilhali barabara za kupima gari tunazo tele? Aliyewahi kuteremka Manga kwa barabara ya udongo, au kufika kituo cha kupimia majani chai baada ya mvua ya alasiri, ana kila sababu ya kuuliza hivyo.

Wengi hujibu kwamba ni pesa na siasa. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini halitoshi. Mbio zenyewe zimebadilika. Zamani zilipima kama gari na watu wake wangeimaliza njia. Leo zinapima sekunde, katika njia iliyofungwa. Badiliko hilo ndilo linaloamua ni ardhi gani inafaa na ipi haifai, na ndani yake mna funzo linalotuhusu hata sisi tusiowahi kukanyaga Naivasha.

Ushindi ulikuwa kufika

Mashindano ya kwanza yalifanyika kuanzia Mei 27 hadi Juni 1, 1953, kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa yale yale yaliyouzwa madukani, na yaligawanywa makundi kulingana na bei. Mnunuzi wa Afrika Mashariki alitaka kujua ni gari gani, kwa kiasi cha pesa alicho nacho, litakalomfikisha aendako. Waliofanya vizuri kuliko wote, Alan Dix na Johnny Larsen, waliendesha Volkswagen Beetle.

Enzi zenyewe tusizisahau. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa nchini Oktoba 1952, na usukani wa mashindano haya ulikuwa mikononi mwa walowezi. Mwafrika alikuwa kando ya barabara, akitazama au akisukuma gari la mwenzake lililokwama. Ilifika 1974 ndipo Orie Rogo-Manduli akawa mwanamke Mwafrika wa kwanza kushiriki, na miaka 20 baadaye Patrick Njiru akamaliza wa nne akiendesha Subaru.

Hesabu ya ushindi ilikuwa hivi. Kila gari liliondoka likiwa limepangiwa saa ya kufika kituo kinachofuata, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa alama ya adhabu. Ratiba ilibanwa makusudi, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kufika kila kituo kwa wakati. Mshindi alikuwa yule aliyechelewa kidogo kuliko wenzake. Katika miaka mingi njia ilizidi kilomita 5,000, ikakimbiwa usiku na mchana, kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Lori la mizigo, kundi la ng'ombe na waumini wanaotoka kanisani, wote walikuwa na haki ya kuwa barabarani saa ile ile.

Kwa muda mrefu mashindano yaliwekwa wakati wa Pasaka, masika yanapoanza. Hapa Mgusii hahitaji kuelezwa sana. Mvua ikinyesha juu ya udongo mwekundu, sehemu ya juu hulainika kabla ya maji kupenya chini. Tairi linakosa pa kushika, na gari linaserereka kuelekea mtaroni hata usukani ukatwe upande wa pili. Magari mengi yakishapita, mifereji ya matairi huzama, tumbo la gari likakaa juu ya tope na magurudumu yakazunguka bure. Dereva wa matatu wa Nyamira anaijua dawa: abiria washuke, matawi yakatwe yalazwe chini ya magurudumu, wote wasukume kwa pamoja, na mguu usikanyage mafuta kwa pupa. Ustadi huo huo ndio uliokuwa ukiamua nani ashinde Safari Rally.

Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Mwaka wa 1968 hali ikajirudia, tena yakamaliza 7. Mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff wakiwa na Peugeot 404. Wengine hawakushindwa mbio. Walishindwa na njia.

Ndiyo maana wenyeji walitawala. Tangu 1953 hadi 1971 hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda, mpaka Hannu Mikkola wa Ufini alipovunja mwiko huo 1972 kwa Ford Escort. Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, alishinda 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekimbilia Kenya wakati wa utawala wa Idi Amin, alishinda mara 5: 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Watu hawa walijua mto upi hufurika mvua ikinyesha wapi, na wapi pa kupunguza mwendo ili gari liwe zima kesho yake. Ujuzi huo ulikuwa na thamani kuliko kasi.

Wafanyabiashara nao waliusoma ujumbe. Ushindi wa Peugeot na Datsun ulikuwa tangazo lisilohitaji maneno. Peugeot 404 na 504 zikawa gari za abiria za masafa marefu kote nchini, na mwananchi aliyepanda alijua kwamba gari la aina yake lilikuwa limepita kwenye tope kama la kwao.

Kasi ilipoizidi barabara

Mwaka wa 1973 Safari Rally iliingia katika mwaka wa kwanza wa Mashindano ya Dunia ya rali (WRC). Kufikia katikati ya miaka ya 1970 njia yake ilikuwa imebaki ndani ya Kenya pekee. Viwanda vya Ulaya na Japani vikaja na timu kamili, vikafanya mazoezi kwa majuma mengi kabla ya Pasaka, na hivyo vikaanza kununua kwa pesa ule ujuzi wa njia ambao mwenyeji aliupata kwa kuishi.

Injini zikakua. Katika miaka ya 1980 kanuni za Kundi B ziliruhusu magari yenye nguvu ambazo hazijawahi kuonekana katika mbio za aina hii. Jambo la kutazamwa ni kwamba Afrika Mashariki ilikataa kushangazwa: 1984, 1985 na 1986 Safari Rally ilitwaliwa na Toyota Celica, gari lililosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, kwa sababu lilikuwa imara na fundi aliweza kulirekebisha upesi. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne lilishinda kwa mara ya kwanza 1987, Audi ya Mikkola.

Lakini kasi ilikuwa imeipita barabara. Katika miaka ya 1990 timu kubwa zilirusha helikopta mbele ya gari ili rubani na wenzake wamwonye dereva kwa redio: ng'ombe wanavuka, matatu inakuja. Taa za ziada, vyuma vya kukinga mbele na bomba la kupumulia injini lililopandishwa hadi usawa wa paa ndiyo yakawa mavazi ya gari la Safari. Ukiitafakari helikopta ile, utaona ni ungamo. Inasema kwamba gari lina kasi ambayo jicho la binadamu aliye ndani yake haliwezi tena kuwalinda walio mbele yake.

Dunia ilikuwa imelipia somo hilo kwa damu. Mwaka wa 1955 kule Le Mans, Ufaransa, gari lilirukia watazamaji na zaidi ya watu 80 wakafa. Mwaka wa 1957, Mille Miglia ya Italia, mbio za maili elfu moja katika barabara za wananchi, zilikomeshwa baada ya ajali iliyoua dereva, mwelekezi wake na watazamaji 9, wakiwemo watoto. Mwaka wa 1986 gari liliwaparamia watazamaji nchini Ureno, na miezi miwili baadaye Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto wakafa Corsica. Kundi B likapigwa marufuku. Safari Rally ilikuwa miongoni mwa mbio kubwa za mwisho kuendelea kukimbiwa katika barabara zilizo wazi.

Ikatoka katika kalenda ya dunia baada ya 2002, mwaka ambao Colin McRae alishinda kwa Ford Focus.

Safari ya sasa

Iliporejea Juni 2021, wengi walitarajia kuiona ile waliyosimuliwa na wazazi wao. Waliona kitu kingine. Mwaka wa 2002 sehemu za kushindania zilikuwa na urefu wa takriban kilomita 1,000. Mwaka wa 2021 zilikuwa takriban kilomita 320, zikiwa zimekatwa katika mikondo 18. Kila mkondo umefungwa, una askari na wasimamizi, na muda unahesabiwa hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Baina ya mkondo na mkondo gari hupita barabara ya kawaida na kufuata sheria za trafiki kama gari lolote.

Matengenezo nayo yamefungiwa mahali pamoja. Zamani gari la mafundi lingeweza kungoja popote njiani likiwa na springi na matairi. Sasa mafundi wana uwanja mmoja Naivasha na dakika zilizohesabiwa. Gari likiharibika nje ya hapo, dereva na mwelekezi ndio mafundi, kwa vifaa walivyobeba. Mwaka wa 2021 Thierry Neuville alikuwa akiongoza hadi asubuhi ya siku ya mwisho, kizuia mtikisiko cha nyuma kikavunjika, na ushindi ukamtoka. Sébastien Ogier akachukua, akimshinda Takamoto Katsuta kwa sekunde 21.8. Mwaka wa 2023 Ogier alishinda tena, safari hii kwa sekunde 6.7.

Gari lenyewe limejitenga na la dukani. Toyota ilishinda kila Safari Rally kuanzia 2021 hadi 2025. Hapa Gusii Toyota tunayoijua zaidi ni Probox, inayopanda na kushuka kutwa ikiwa na abiria na magunia. Hata hivyo, GR Yaris ya mashindano imejengwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma, ina injini ndogo ya lita 1.6 yenye turbo na nguvu za kutisha, na kati ya 2022 na 2024 ilikuwa na mota ya umeme pia. Ushindi wake haumwambii mnunuzi wa Keroka chochote kuhusu gari atakalonunua. Uzi uliounganisha mbio na soko umekatika.

Mwenyeji naye amepoteza kinga yake. Kila timu hupewa nafasi sawa ya kukagua mikondo na kuandika maelezo yake. Mkenya wa mwisho kushinda Safari Rally ikiwa katika mashindano ya dunia ni Ian Duncan, 1994. Mwaka wa 2021 Onkar Rai, Karan Patel na Carl Tundo walimaliza wa 7, wa 8 na wa 9, jambo la kujivunia kwa magari ya daraja la chini. Mwaka uliofuata Maxine Wahome akashinda kitengo cha WRC3, daraja la chini katika mashindano hayo ya dunia.

Kwa nini Naivasha

Sasa tulirudie swali letu. Mkondo unaofungwa unahitaji ardhi kubwa yenye watu wachache. Naivasha na jirani zake zina mashamba makubwa ya tangu ukoloni na hifadhi za wanyama: Kedong, Loldia, Hell's Gate, Soysambu. Soysambu peke yake ina ekari zipatazo 48,000, karibu sehemu moja ya saba ya kaunti nzima ya Kisii.

Kwetu hesabu ni nyingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kila kilomita mraba ya Kisii ina zaidi ya watu 950. Migomba inaanzia ukingoni mwa barabara, nyumba iko nyuma yake tu, na njia ile ile ndiyo ya mtoto wa shule, ya mama anayepeleka chai kituoni na ya boda boda. Kufunga kilomita 20 hapa ni kufungia maelfu ya watu nyumbani. Kutozifunga ni kucheza na maisha yao. Kwa hiyo kukosa mbio hizi si dharau. Ni dalili kwamba waandaaji wamekubali ukweli ambao mchezo huu uliukwepa kwa miongo mingi.

Walichopoteza wananchi ni kikubwa, na sioni aibu kukililia. Mbio zilizokuwa zikimpitia mkulima mlangoni bila kiingilio sasa zinahitaji nauli, malazi na ruhusa ya kuegesha. Hata hivyo, kati ya mtoto aliye hai na msisimko wa dakika moja, hakuna mizani ya kuvilinganisha.

Na hapo ndipo penye funzo. Kwa miaka 50 iliaminika kwamba ustadi wa dereva unatosha kuwalinda walio barabarani. Madereva bora duniani, pamoja na helikopta angani, walishindwa kuithibitisha imani hiyo. Kilichopunguza vifo ni mpangilio: kasi ikatengwa na watu. Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na wengi wao ni watembea kwa miguu na wa boda boda. Kila ajali ikitokea kati ya Kisii na Keroka tunamlaumu dereva, halafu tunangoja nyingine. Serikali zetu mbili za kaunti, pamoja na mamlaka zinazosimamia barabara kuu, zinapaswa kuulizwa maswali ya waandaaji wa mbio: mtembea kwa miguu amewekewa njia yake wapi, kasi inakatwaje penye shule na soko, na Probox inayopakia kupita kiasi inazuiwa na nani kabla haijaondoka. Mchezo huu wa kasi umeshajibu maswali hayo kwa ajili ya watazamaji wake. Mtoto wa Nyamira anayekwenda shule kwa miguu anastahili jibu hilo hilo.