Mtambue Mapema Nondo Anayeleta Viwavijeshi Shambani

Wakulima wa Kaunti Ndogo ya Rongai, kuanzia Solai na Visoi hadi Mosop, Soin na Menengai Magharibi, wanahimizwa kukagua mahindi yao angalau mara 2 kwa wiki tangu yanapoota. Wadudu wanaotafutwa ni viwavijeshi vamizi, ambao hutokana na nondo mdogo anayeruka usiku.

Alikotoka

Asili ya nondo huyu ni maeneo ya joto ya bara la Amerika. Aligunduliwa Afrika Magharibi mwaka wa 2016, na kufikia 2017 alikuwa ameingia Kenya. Mwaka wa 2018 alifika India. Anaweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja akisaidiwa na upepo, hivyo shamba lililo safi leo linaweza kuvamiwa kesho.

Jinsi ya kumtambua

- Nondo: mabawa ya mbele ni ya kijivu na kahawia, ya nyuma ni meupe. Dume ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele. Akitandaza mabawa, upana wake ni kati ya sentimita 3 na 4.
- Mayai: hutagwa kwenye majani kwa mafungu ya 100 hadi 200, mara nyingi yakiwa yamefunikwa kwa manyoya.
- Kiwavi: ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa 4 meusi yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia.

Viwavijeshi wa Kiafrika waliozoeleka tangu zamani hutembea kwa makundi makubwa. Huyu mgeni hujificha ndani ya mmea.

Kwa nini mapema

Kiwavi mchanga hukwangua jani na kuacha alama nyeupe. Akikua, huingia katikati ya mmea, pale majani mapya yanapochipuka, na kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao huziba njia. Hapo dawa haimfikii. Mkulima hupoteza pesa za dawa, kisha hupoteza mavuno.

Katika shamba dogo, ponda mayai na uokote viwavi kwa mkono. Ikibidi kunyunyiza, tumia dawa iliyoidhinishwa, asubuhi na mapema au jioni, huku ukifuata maagizo kwenye kibandiko na kuvaa mavazi ya kujikinga.

Ukiona dalili hizi, mjulishe afisa wa kilimo wa wadi yako bila kuchelewa, na umwarifu jirani.