Nyumba ya Mfalme wa Burma Iliyopona Moto

Wasomaji wetu wamekwisha kusikia jina la Burma, nchi ambayo tangu mwaka 1989 huitwa rasmi Myanmar, kwa kuwa askari wa K.A.R. kutoka Afrika ya Mashariki walipigana huko, katika bonde la Kabaw, mwaka 1944. Leo twapenda kueleza habari za nyumba moja ya mji wa Mandalay, iitwayo Shwenandaw, maana yake jumba la dhahabu.

Mfalme Mindon aliuanzisha mji wa Mandalay mwaka 1857, akahama kutoka Amarapura. Majumba yake yalikuwa ya miti ya msaji, si ya mawe. Kwa hiyo yaliweza kufunguliwa nguzo kwa nguzo, yakachukuliwa na kusimamishwa tena mahali pengine. Nyumba hii ilikuwa mojawapo, na mfalme mwenyewe alikaa humo. Ilichorwa nakshi nyingi, ikapakwa dhahabu ndani na nje. Kwa desturi ya nchi ile mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuitia nyumba yake dhahabu, wala kuiezeka mapaa yaliyopandana. Heshima hiyo ilikuwa ya mfalme na ya dini ya Buddha tu.

Mindon alifariki humo mwaka 1878. Mwanawe, Thibaw, hakupenda kukaa pale. Yasemekana aliiogopa roho ya baba yake. Akaamuru nyumba ifunguliwe, ijengwe tena nje ya boma, iwe makao ya watawa wa Buddha. Nayo iliwafaa, maana dhahabu na mapaa yale yalikuwa haki yao pia.

Mwaka 1885 Waingereza waliuteka mji, wakampeleka Thibaw Bara Hindi, akafa huko mwaka 1916. Machi 1945 Wajapani walijifungia ndani ya boma, na majeshi ya Kiingereza na ya Kihindi yakawapiga kwa mizinga na ndege. Moto ukashika, na karibu majumba yote ya mfalme yakawa majivu. Nyumba ya watawa, iliyokuwa nje ya ukuta, ilipona.

Thibaw aliitoa nyumba ile kwa hofu, lakini alichokitoa ndicho kilichosalia, na alichojiwekea ndicho kilichoteketea. Basi wenye kutunza vitu vya wazee wetu, ngoma, viti na barua za kale, wasiviweke vyote chini ya paa moja.