Mpandaji Aliyetoka Hospitali

Vijana wetu wengi hudhani ya kwamba mashindano ya farasi ni mbio tu. Yako na mengine ya kikundi: kwanza farasi huonyesha utii na adabu ya mwendo, kisha hukimbizwa masafa marefu nyikani akiruka magogo na mitaro, na mwisho huruka viunzi uwanjani.

Katika Michezo ya Olimpiki ya Roma, mwaka 1960, kila nchi iliweza kuleta wapandaji wanne, zikahesabiwa alama za watatu walio bora. Waaustralia walikuwa mbele. Lakini farasi wa Brian Crago aliumia, asiweze kuendelea, naye Bill Roycroft, mtu wa miaka 45, aliangushwa nyikani na farasi wake Our Solo, akavunjika mtulinga. Alipanda tena, akaimaliza njia, ndipo akapelekwa hospitali.

Siku ya viunzi ilipofika, bila ya yeye watatu hawatimii, na jasho la wenziwe Lawrence Morgan na Neale Lavis lisingekifaa kikundi. Akatoka kitandani, akasaidiwa kupanda, akaimaliza zamu yake. (Hatumshauri mgonjwa yeyote amtoroke tabibu wake!) Dhahabu ya kikundi ikawa yao; Morgan akawa wa kwanza kwa nafsi yake, Lavis wa pili.

Mwaka 1976, huko Montreal, Roycroft alipanda tena, umri wake miaka 61, akiwa kikundi kimoja na mwanawe Wayne, wakapata shaba.