Maduara ya Watu Juu ya Ramani ya Delta

Mimi ni mzaliwa wa Mbwera, katika delta ya Rufiji, na kazi yangu ni kuchora ramani. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, lakini jumla hiyo haimwambii diwani wa Kibiti ni kata gani ina watoto wengi na ipi ina wazee.

Duara lililogawanywa vipande, likawekwa juu ya kila kata, linalionyesha hilo mara moja. Mfaransa Charles Joseph Minard alichora hivyo mwaka 1858, akionyesha nyama iliyopelekwa Paris kutoka kila eneo la Ufaransa.

Leo programu ya QGIS, isiyolipiwa, inatosha. Unganisha jedwali la watu na ramani ya kata kwa kutumia msimbo wa kata. Fungua sifa za tabaka, nenda kwenye michoro, chagua chati duara. Ongeza makundi matatu: chini ya miaka 15, miaka 15 hadi 64, na 65 kwenda juu, kila moja na rangi yake.

Ukubwa wa duara ufuate idadi ya watu, tena kwa eneo lake. Ukiongeza nusukipenyo mara mbili, duara hukua mara nne na kumdanganya msomaji. Kwetu pia, duara lisiachwe katikati ya mikoko. Lisogezwe hadi penye makazi.

Diwani, mwalimu, mhudumu wa afya: idaini ramani hii kabla ya kupanga mahali pa zahanati au shule.