Mwanafunzi akipima vumbi yetu, jibu lirudi kwetu



Kila mwaka, masomo yanapokaribia mwisho, tunawaona kwenye mlango wa makampuni: vijana wenye shati nyeupe, bahasha mkononi, ndani yake barua ya chuo kikuu inayoomba sitaji. Wanatoka Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Wengi wao ni watoto wetu wenyewe. Baba anafanya kazi ya zamu kwenye konkasere, mama anauza unga ao makala, na mtoto iko politekniki, ao fakilte ya udaktari, ao ya sosiolojia. Sitaji imekuwa ngumu kupata sawa kazi yenyewe. Wengine wanazunguka na ile barua mpaka bahasha inageuka rangi ya udongo. Na kuna watu wa mlangoni wanaoomba pesa kidogo ili barua «ipande juu». Wazazi, musilipe. Sitaji haiuzwi, na yule anayekuuzia mara nyingi hana hata uwezo wa kuitoa.

Lakini leo tunataka kusema juu ya mambo yanayokuja nyuma, mtoto akishaingia. Sababu sitaji si paka karatasi ya kupatia pointi. Mwanafunzi anayeingia mungodi na kifaa cha kupima, anapima kitu chetu: vumbi tunayovuta, kelele inayoharibu masikio yetu, maji yanayoshuka kwenye visima vya mama zetu. Swali la sendika ni moja: akishapima, jibu linaenda kwa nani?

Hatuulizi kwa kupenda kusumbua. Tunauliza kwa sababu tumeona kazi ya chuo kikuu inaweza kuleta nini. Mwaka 2009, watafiti wa Universite ya Lubumbashi, Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu akiwa mbele, pamoja na wenzao wa Leuven kule Ubelgiji, walitoa matokeo ya mukojo wa watu zaidi ya 300 wa Katanga, wengi wao wakikaa karibu na migodi na viwanda. Kobalti waliyoikuta ilikuwa juu kupita ile iliyokuwa imeandikwa mbele kwa watu wa kawaida mahali popote duniani. Tusikilize vizuri: watu wa kawaida. Si wafanyakazi wa kiwanda peke yao. Mama anayepika, mutoto anayecheza mulangoni.

Nyuma wakaenda Kasulo. Kila mutu wa Kolwezi anajua Kasulo: mwaka 2014 watu waligundua minerai chini ya nyumba, na mtaa mzima ukageuka mashimo, watu wakachimba hata ndani ya lupango. Watafiti walipima wakaaji 72 wa pale, 32 kati yao watoto, wakapima pia vumbi ya ndani ya nyumba, wakalinganisha na mtaa mwingine usio na mashimo. Matokeo yalitoka 2018. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti katika mukojo karibu mara kumi kuliko wenzao wa ule mtaa mwingine.

Utafiti wa tatu njo unaotugusa zaidi sisi wababa. Ulifanyika Lubumbashi kati ya 2013 na 2015, ukatangazwa 2020. Walichukua watoto 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana, na watoto 108 waliozaliwa bila kilema, wakauliza wazazi juu ya kazi, chakula, maji, makao. Kilichotokea: mtoto ambaye baba yake alikuwa na kazi ya mungodi alikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kilema. Tuweke jambo hili sawa, sababu katika kambi maneno yanakimbia. Utafiti haukusema kila mchimbaji atazaa mtoto mwenye kilema. Walio wengi wanazaa watoto wazima. Na walipopima metali katika mukojo wa mama na katika damu ya kitovu, namba hazikueleza wazi ile tofauti. Njia ambayo hatari inapitia bado haijajulikana vizuri. Lakini mutu wa mungodi akisikia vile, hawezi kulala na kusema haimuhusu. Anaanza kuangalia nguo yake ya kazi ile mama anafua katika beseni moja na nguo za mtoto.

Sasa angalia vile kazi hizi zilifanyika. Chuo kikuu hakikuishia kwenye ofisi ya mkurugenzi. Kilifika kwenye nyumba, kwenye chumba cha kuzalia, kikaomba ruhusa kwa mama mwenyewe. Kazi ya namna hii haifanywi na profesa peke yake, inadai vijana wa kutembea, kuuliza kwa Kiswahili, kuandika, kurudi kesho yake kama mutu hayupo. Pale mwanafunzi anajifunza kazi, na sisi tunapata habari ya mwili wetu.

Sitaji ya ndani ya kampuni mara nyingi inaenda njia ingine. Tunakumbuka kijana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliyekuja katika kampuni moja ambayo hatutaitaja. Alipewa kazi ya kupima vumbi kwenye konkasere na kwenye mukanda unaobeba minerai. Kijana mzuri, mwenye heshima, anasalimia wazee kabla ya kufungua sanduku lake. Majuma manne alipima. Akaandika ripoti, akaitoa kwa mkubwa wake wa sitaji, na sanduku la meza likafungwa. Delege walipoomba kuiona, waliambiwa ni mambo ya siri ya kampuni. Tulingojea tukafikiri labda kitabu chake cha kumaliza masomo kitatusaidia. Kweli kitabu kikatoka, akapata pointi nzuri, tukafurahi kwa ajili yake. Lakini ndani, jina la kampuni lilikuwa limetolewa, mahali pake waliandika «Kampuni X». Hata sehemu za kazi zilikuwa na herufi tupu: sehemu A, sehemu B. Ukienda na kitabu kile kudai maski ya kufaa, watakuuliza: X ni nani?

Kuna jambo lingine ambalo lilituumiza zaidi, na wakubwa wa chuo wanapaswa kulisikia. Yule kijana alipima mchana, saa nne mpaka saa nane. Saa ile lori la maji linapita, barabara inanyweshwa, kila kitu kimetulia, hasa kama kuna wageni. Hakuna aliyemwambia kama usiku, zamu ya tatu, lori la maji halitembei sana, na ya kwamba mwezi wa munane, wakati wa kiangazi, vumbi inasimama hewani kama ukungu mpaka taa za mashine zinaonekana nyekundu. Hakujua kama pale chini ya mukanda kuna shimo ambalo mutu anaingia na koleo kusafisha minerai iliyomwangika, na njo pale vumbi iko nyingi kuliko mahali pote. Kifaa chake kilikuwa kizuri. Hesabu zake zilikuwa za kweli. Ila kifaa kilikaa mahali ambapo mutu hakai.

Muzee wa konkasere angemuonyesha kwa dakika tano. Hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa barua ya sitaji ilikuwa na mihuri miwili tu, ya chuo na ya kampuni. Sisi tunasema mihuri inapaswa kuwa mitatu.

Jambo hili halikuanza na sisi. Kule Québec, nchi ya Canada, chuo kikuu cha Montréal kinachoitwa UQAM kiliandika mapatano na sendika mbili kubwa, CSN na FTQ, katika mwaka 1976. Tangu pale, sendika ikiwa na swali, inaweza kulipeleka chuoni, na walimu na wanafunzi wanalifanyia kazi kama sehemu ya kazi yao ya chuo. Mtafiti mmoja wa UQAM, Karen Messing, alianza njia yake hivyo: wafanyakazi wa kiwanda cha fosfati walikuwa wamejua ya kuwa vumbi ya kazini mwao ina radioaktivite, wakawa na hofu juu ya watoto wao, sendika yao ikagonga mulango wa chuo. Yeye alikuwa mtaalamu wa mambo ya urithi wa mwili. Nyuma ya pale alitumia maisha yake kuchunguza kazi za watu wadogo, wasafishaji, watu wa magasini. Uholanzi nao, tangu miaka ile ile ya 1970, vyuo vilifungua ofisi ambazo wakaaji wa mtaa ao sendika wanaleta swali lao, na mwanafunzi analichukua kama kazi ya masomo. Wale watu hawakuwa na akili kutupita. Walikuwa na karatasi iliyosainiwa.

Karatasi yetu ingesema nini? Kwanza, ya kwamba swali la sitaji linachaguliwa pamoja: kampuni iseme lake, chuo kiseme lake, na delege wa wafanyakazi pamoja na wajumbe wa kartie waseme lao. Kando ya mkubwa wa sitaji wa kampuni, mwanafunzi apewe mfanyakazi mmoja wa zamani wa kumuongoza, mutu wa zamu, anayejua saa na mahali. Halafu ripoti isomwe ndani ya komite ya usalama na usafi ambayo Sheria ya kazi ya 2002 inadai mahali pa kazi. Na mwisho kabisa, lakini kwetu ni la kwanza: mwanafunzi asimame mbele ya watu, kambini ao kwenye sale ya parokia, aeleze kwa Kiswahili kile alichokikuta. Mutu aliyetoa damu yake ao mukojo wake apewe namba yake mwenyewe kando, kwa siri, na aambiwe afanye nini. Leo mama za kartie wanasemaka: wanatuchukua damu, wanaenda. Wana haki ya kuchoka.

Kampuni zitajibu kama kuna siri za kazi. Tunakubali. Namna wanavyotenga kobalti na shaba, bei, mipango yao, ni mambo yao, mwanafunzi afunge kinywa na sisi hatutauliza. Lakini vumbi iliyo katika kifua cha mutu si mali ya kampuni.

Na pesa? Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kila kampuni itoe angalau 0,3 % ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya wakaaji, na wajumbe wa wakaaji wanakaa kwenye meza ya kuamua. Hatusemi pesa ya dispensari ao ya kisima itolewe ipewe wanafunzi. Tunasema kabla ya kuchimba kisima, lipia kwanza mwanafunzi wa kemia apime maji, juu kuchimba kisima chenye maji mabaya ni kutupa pesa mara mbili. Chakula cha mchana, usafiri, na vifaa vya kupimia si mali nyingi kwa kampuni inayotoa malori ya katodi kila siku kuelekea Kasumbalesa.

Mwanafunzi mwenyewe pia anahitaji kulindwa. Tumeona watoto wanaingia kiwandani na viatu vya kanisani, kofia ya kuazima, bila maski. Mtu asiye na viatu vya usalama asipite mulango, hata kama barua yake imesainiwa na rekta. Na akiumia, nani atalipa hospitali? Jibu liandikwe kabla ya siku ya kwanza, lisitafutwe katika gari ya kumpeleka kwa daktari.

Ndugu zetu wachimbaji wa mikono wako na shida ingine: hawana kampuni ya kupokea barua. Kwao koperative inaweza kuweka muhuri. Kuna kazi nyingi pale, hasa kwa wanafunzi wa geolojia, maana shimo linaloanguka halianguki bila alama, na wazee wa mashimo wanazijua zile alama ila hazijaandikwa popote.

Kwa vijana wanaotafuta sitaji mwaka huu, na kwa walimu wanaowatuma: maswali tunayo, hayapungui. Ni vumbi gani inafika nyumbani juu ya nguo ya kazi, na inabaki kiasi gani kisha kufua? Dereva wa lori kubwa, aliyeamuka saa tisa za usiku kungojea basi ya kampuni, amelala saa ngapi kwa juma? Kisima cha mtaa ulio chini ya bonde la maji machafu kinabadilika namna gani kati ya kiangazi na mwezi wa kwanza wa mvua? Wale walioacha kazi ya Gécamines katika kuondoka kwa hiari ya 2003, masikio na mapafu yao yako namna gani leo? Mwenye kutaka swali moja kati ya haya apite kwa delege wa sendika wa kampuni anayoiomba, kabla ya kupeleka barua yake mlangoni. Tutamtafutia muzee wa zamu ya usiku.