Mbona Mungu anajificha tunapomhitaji?

KUNA swali ambalo Wakristo wengi huogopa kuliuliza kwa sauti. Huliuliza usiku, taa zikiwa zimezimwa na watoto wamelala. Mungu yuko wapi?

Huliuliza baba aliyefutwa kazi ilhali mwisho wa mwezi umefika na mwenye nyumba anataka kodi yake. Huliuliza mama anayemuuguza mtoto asiyepata nafuu, na mwanafunzi aliyepigiwa simu akaambiwa kwamba mzazi wake hayuko tena. Amepiga magoti, amefunga, ameombewa, lakini hasikii lolote. Jumapili ikifika anavaa nguo safi na kwenda kanisani. Akiulizwa habari, anajibu kuwa ni njema, Bwana asifiwe. Moyoni anajua kwamba si njema hata kidogo.

Hapa nchini swali hilo lilitukabili sote mnamo Aprili 2, 2015. Siku hiyo magaidi wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wakiwa wanafunzi. Wauaji waliwatenga Wakristo na Waislamu. Baadhi ya vijana waliopoteza maisha walikuwa wameamka kabla ya jua kuchomoza ili waombe pamoja, na wakauawa papo hapo kwenye maombi yao. Ilikuwa Alhamisi, siku moja tu kabla ya Ijumaa Kuu.

Je, mzazi aliyempeleka mwanawe chuoni, kisha akaenda kuutambua mwili wake mochari, aambiwe nini kuhusu Mungu anayesikia maombi?

Majibu ya haraka

Wengi wetu tuna majibu tayari. Nenda kwenye matanga yoyote na utayasikia. Kazi ya Mungu haina makosa. Tulimpenda, lakini Mungu alimpenda zaidi. Wanaosema hivyo hawana nia mbaya. Mara nyingi wanatafuta tu neno la kusema, maana kimya mbele ya mtu anayelia ni kizito. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama aliyetoka kumzika binti yake akiambiwa kwamba Mungu ndiye aliyempenda zaidi, huenda akaona kwamba Mungu huyo ni mwizi.

Jibu la pili ni baya zaidi. Kuna wahubiri wanaodai kwamba anayeteseka amekosa imani, au ametenda dhambi ya siri, au hajapanda mbegu ya kutosha. Mgonjwa huuza hata godoro ili apate cha kutoa. Wengine hushawishiwa waache dawa, na wanapofariki, lawama huwekwa juu yao wenyewe kwamba hawakuamini vya kutosha.

La tatu lina uzito kidogo. Husemwa kwamba Mungu alimpa binadamu hiari, na binadamu akaitumia vibaya. Kwa hakika, waliofyatua risasi Garissa walikuwa watu, na watu ndio wenye hatia. Hata hivyo, hiari ya binadamu haielezi saratani ya mtoto wa miaka minne, wala haimwelezi mzazi kwa nini maombi ya asubuhi ile hayakujibiwa.

Sasa ikiwa majibu haya hayatoshi, Mkristo afanye nini? Ajifanye hajaona? La hasha! Hebu tuifungue Biblia yenyewe tuone.

Biblia haifichi kilio

Huenda ukashangaa, msomaji, kwamba malalamiko makali zaidi dhidi ya ukimya wa Mungu hayamo katika vitabu vya wasioamini. Yamo ndani ya Biblia. Nabii Isaya, katika sura ya 45, anamwita Mungu waziwazi kuwa ni Mungu anayejificha. Katika Zaburi, nyimbo nyingi ni za mtu anayelia na kumuuliza Mungu atamsahau hadi lini. Nyingi ya hizo humalizika kwa shukrani, lakini Zaburi ya 88 haimaliziki hivyo. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Wazee walioyakusanya maandiko hayo hawakuiondoa. Waliiacha humo, ili mtu aliyefikwa na usiku kama huo apate maneno ya kuomba.

Kisha kuna Ayubu. Yeye alipoteza mali, watoto na afya. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walikuja kumpa pole. Walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walifanya vyema kabisa. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Walimtetea Mungu kwa kumlaumu mgonjwa, wakidai kwamba lazima alikuwa amekosea mahali.

Ayubu alikataa. Alibishana nao, akabishana na Mungu, akataka aitwe mahakamani ajitetee. Mwishoni Mungu aliposema, hakumweleza Ayubu sababu ya mateso yake. Lakini aliwakasirikia wale marafiki, akatamka kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Tafakari jambo hilo. Aliyelalamika ndiye aliyesifiwa, na waliomtetea Mungu kwa uongo ndio waliokemewa.

Zaidi ya hayo yote, kuna msalaba. Mathayo na Marko wanasimulia kwamba Yesu, kabla ya kukata roho, alilia kwa sauti kuu akimuuliza Mungu wake mbona amemwacha. Maneno hayo aliyachukua kutoka Zaburi ya 22. Wanaoiamini Injili huamini basi kwamba hata Mwana mwenyewe alionja ukimya huo. Kwa sababu hiyo, Mkristo anayemuuliza Mungu yuko wapi hajatoka nje ya imani yake. Amesimama pale aliposimama Bwana wake.

Siri ya Mama Teresa

Pengine utasema kwamba hayo ni mambo ya kale. Basi tumtazame mtu ambaye wengi wetu tulimwona kwenye magazeti na televisheni.

Mama Teresa alizaliwa mwaka 1910 mjini Skopje, ambao leo ni mji mkuu wa Macedonia Kaskazini. Akiwa na miaka 18 aliondoka nyumbani na kujiunga na watawa wa Loreto, nao wakamtuma India akafundishe shule mjini Calcutta, ambao sasa huitwa Kolkata. Mnamo Septemba 10, 1946, akiwa garimoshini kuelekea Darjeeling, alihisi akiitwa kuwatumikia maskini wa mwisho kabisa. Mwaka 1948 alitoka kwenye kuta za shule akiwa amevaa sari nyeupe yenye pindo la buluu. Mwaka 1950 shirika lake la watawa likaidhinishwa, na mwaka 1952 akafungua nyumba ya kuwatunza watu waliokuwa wakifia barabarani.

Dunia ilimjua kwa tabasamu lake. Mwaka 1979 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alipofariki Septemba 5, 1997, shirika lake lilikuwa na watawa karibu 4,000 katika nchi 123. Hata hapa Nairobi, mtaani Huruma, watawa hao wanaonekana na sari zao zile zile.

Lakini mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, barua alizowaandikia waungamishi na viongozi wake wa kiroho zilichapishwa. Watu walipigwa na butwaa. Mama huyo, aliyewafariji maelfu, aliandika kwamba yeye mwenyewe hakumhisi Mungu. Aliposali hakusikia kitu. Alieleza giza, upweke na ukavu wa roho, na akakiri kwamba tabasamu lake lilikuwa kama joho la kufunika maumivu. Hali hiyo ilimwanza karibu na wakati alipoanza kazi yake kwa maskini, ikaendelea kwa takriban miaka 50. Mwaka 1958 alipata nafuu ya muda mfupi, kisha giza likarudi. Hata mwaka ule ule wa Tuzo ya Nobel alikuwa bado akimwandikia padri mmoja kuhusu ukimya huo. Barua hizo alitaka ziharibiwe. Kanisa halikuziharibu.

Wapo walioona hapa ushahidi kwamba hakuwa mwamini. Mwandishi Christopher Hitchens, ambaye tayari mwaka 1995 alikuwa ameandika kitabu cha kumkosoa vikali, alizichukua barua hizo kuwa dalili kwamba hata yeye alikuwa ametambua dini ni jambo la kubuniwa na watu. Wengine walilaumu uduni wa matibabu katika nyumba zake. Lawama hizo zisipuuzwe, kwani mtakatifu naye ni binadamu.

Lakini tazama alichofanya. Kwa miaka yote hiyo aliamka alfajiri kusali, ingawa hakusikia jibu. Aliosha vidonda, ingawa moyo wake ulikuwa mkavu. Mwanzoni alidhani kosa ni lake. Mnamo mwaka 1961, padri Mjesuiti aliyeitwa Joseph Neuner alimsaidia kuona jambo jingine. Mtu hawezi kumtamani asiyemjua, na kiu ile yenyewe ilikuwa dalili kwamba Mungu hakuwa mbali. Giza halikuondoka. Lakini tangu hapo aliliona kuwa ni sehemu ya kazi yake. Maskini aliowahudumia nao walijiona wametupwa na kila mtu, na sasa alijua kwa roho yake jinsi kutupwa kulivyo.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, Yesu anasema kwamba anayemlisha mwenye njaa amemlisha yeye. Mama Teresa hakumhisi Yesu kanisani, lakini alishika neno hilo akaenda kumtafuta miongoni mwa wagonjwa. Hapo ndipo penye somo kwetu. Kumhisi Mungu ni jambo moja, na kumwamini ni jingine. Hisia huja na kwenda kama mvua. Imani ni kuendelea kupalilia shamba hata mvua ikichelewa.

Wewe ufanye nini?

Ikiwa ni wewe unayepitia usiku huo, kwanza usijifanye. Mwambie Mungu ukweli, hata kama ukweli huo ni hasira. Zaburi zimekutangulia. Kama huna maneno, soma ile ya 88 na uiache ilie kwa niaba yako.

Pili, usibaki peke yako. Mama Teresa alificha giza lake kwa watu wengi, lakini hakulificha kwa wote. Alitafuta wachache wa kuaminika. Nawe mtafute mchungaji asiyekimbilia kukukemea, au rafiki ajuaye kunyamaza. Hasa wewe mwanafunzi uliye mbali na nyumbani, ikiwa usingizi umekutoka, chakula hakipiti na unawaza kujidhuru, huenda huo si ukavu wa roho peke yake. Nenda ukamwone daktari au mshauri wa chuo leo hii. Kutibiwa si kukosa imani, kama vile kunywa dawa ya malaria si kumdharau Mungu.

Tatu, asikutishe mtu yeyote kwamba unateseka kwa sababu hukutoa sadaka ya kutosha. Huyo ni ndugu yake Elifazi, tofauti ni kwamba Elifazi hakuomba pesa.

Na ikiwa ni jirani yako aliyefikwa, jifunze kutoka kwa zile siku saba za kwanza za marafiki wa Ayubu. Nenda ukakae. Chota maji, pika chai, wapeleke watoto shuleni, changa nauli ya kusafirisha mwili. Akilia, mwache alie. Akiuliza Mungu yuko wapi, usikurupuke na methali. Unaweza kumwambia kwamba hujui, lakini wewe upo, na kesho utarudi. Kisha kesho urudi kweli. Matanga huwa na watu wengi wiki ya kwanza. Mwezi wa tatu ndipo nyumba huwa kimya, na ndipo mjane huhitaji mtu wa kubisha hodi.

Kwa wazazi wa Garissa na wengine wengi, swali bado liko pale pale. Imani ya Kikristo haikuahidi kulijibu upande huu wa kaburi. Baada ya Ijumaa ya msalaba ilifuata Jumamosi, siku ambayo Injili hazisemi Mungu alifanya lolote. Jiwe lilikuwa mlangoni, na walinzi wamewekwa. Luka anaandika kwamba wanawake waliomfuata Yesu walipumzika siku hiyo ya Sabato kama ilivyoamriwa, huku manukato ya kuupaka mwili wake yakiwa tayari. Hawakujua kwamba atafufuka. Walikuwa wamejiandaa kumhudumia maiti.

Wengi wetu, mpenzi msomaji, tunaishi katika Jumamosi hiyo. Ikiwa leo husikii lolote, fanya kama wanawake wale. Tayarisha manukato yako. Yupo mtu karibu nawe anayeyahitaji.